Mwanafunzi Mgeni Kisumu: Kula Nje kwa Shilingi 300 kwa Siku

Mwanafunzi anayetoka Mwanza, Kampala, Bukavu au Juba kuja kusoma Kisumu huwa ameshapiga hesabu ya karo, ya chumba na ya nauli. Tumbo huachwa lijitafutie. Wiki ya kwanza anakula chipsi na kuku mjini kwa kuwa ndicho chakula alichokitambua kwenye bango. Wiki ya tatu yuko kwenye mkate na soda. Ya nne anapiga simu nyumbani, na nyumbani nako wanashangaa: pesa zote zile zimekwenda wapi?

Zimekwenda kidogo kidogo, mahali pengi, kwa watu wasiomjua. Kisumu ni mji ambao anayejulikana hula vizuri kwa pesa kidogo, na asiyejulikana hulipia ugeni wake kila siku. Haibiwi. Ni vile tu hajui aulize nini, akae wapi, aje saa ngapi. Hatua zilizo hapa chini ni za kumtoa kwenye ugeni huo. Nimeziandika nikimfikiria anayeishi Kisumu mjini. Wa Maseno, Kakamega na Njoro nimewawekea neno lao karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Zizoee tarakimu

Shilingi ya Kenya ni nzito kuliko ya majirani. Miaka hii shilingi moja ya hapa imekuwa ikizunguka kwenye 20 za Tanzania na 28 za Uganda, kupanda au kushuka kidogo. Kwa hiyo bei za hapa humdanganya mgeni: anaona soda ya 70 akajisemea hiyo ni chenji, kumbe kwa Mtanzania ni kama 1,400. Wiki mbili za mwanzo, kila unachonunua kizidishe kichwani kabla ya kutoa pesa. Baada ya hapo acha, maana mwenye kuzidisha mpaka mwezi wa tatu huanza kuona kila kitu ni ghali, akashinda njaa bila sababu.

Ukipitia Sirare na Isebania, au Busia, badilisha za nauli na za siku mbili tatu tu. Zilizobaki zisubiri ufike mjini ulinganishe bei bila haraka na bila mtu kukuvuta mkono.

Kisha sajili laini ya simu kwa pasipoti yako, uwe na M-Pesa. Bila M-Pesa utakula, ndiyo, lakini utasumbuka, kwani hata muuza mahindi ya kuchoma siku hizi ana namba ya kulipia. Jifunze ada zake mapema. Ukilipa kwa Till, yaani namba ya biashara ya muuzaji, wewe mteja hukatwi kitu. Ukimtumia mama wa kibanda kwa namba yake ya simu, mpaka shilingi 100 ni bure, na kuanzia 101 hadi 500 unakatwa 7. Wapo wanaotuma 100 halafu 20 ili kuikwepa hiyo saba. Mama wa kibanda anawajua na huwacheka. Kibaya zaidi ni kwenda kwa wakala kutoa 300: unakatwa 29, chai nzima imeondoka hujaiona. Kama ni lazima utoe, toa za wiki nzima kwa mkupuo. Na wa nyumbani Tanzania wenye M-Pesa ya Vodacom wanaweza kutuma moja kwa moja kwenye laini yako ya Kenya; njia hiyo imekuwepo tangu 2015.

Hatua ya 2: Ipange siku kabla haijakupanga

Tuchukue shilingi 9,000 za chakula kwa mwezi, yaani 300 kwa siku. Kwa bei za kibandani, siku inaweza kwenda hivi. Asubuhi chai ya maziwa 30 na mandazi mbili 20: jumla 50. Mchana ugali, omena (dagaa) na sukuma wiki, 120. Usiku chapati mbili 40 na bakuli la ndengu (choroko) 50, jumla 90. Umetumia 260. Arubaini iliyobaki usiilambe siku hiyohiyo. Mwisho wa mwezi inakuwa 1,200, na hiyo ndiyo pesa ya samaki, ambayo tutaifikia. Bei hupishana kwa shilingi kumi au ishirini kati ya mtaa na mtaa, kwa hiyo yachukue haya kama kipimo, halafu usahihishe kwa bei za mtaa wako.

Utaona mlo mzito nimeuweka mchana. Mchana ndipo vibanda vinapopika hasa: ugali unasongwa mara mbili tatu, mboga inatoka motoni, kila kitu kipo. Jioni vingi vinauza mabaki ya mchana au vimeshafungwa, na unayebaki naye ni muuza chipsi. Mwenye kuruka mchana akisema atakula vizuri usiku huishia kulipa 200 kwa sahani ya viazi vilivyokaangwa, na saa nne usiku njaa inabisha hodi tena.

Kama chai na mandazi havikushikilii mpaka saa saba, hamia uji wa wimbi. Kikombe kikubwa hakipishani sana bei na chai, na utakaa darasani bila tumbo kukuzomea.

Hatua ya 3: Zijue ngazi

Kuna mesi ya chuo, kibanda, hoteli na mkahawa. Mesi ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, ila foleni ni ndefu na chakula huisha mapema. Itumie asubuhi, au siku mfuko umepwaya. Kibanda ni mabati, mabenchi na sufuria nne tano. Hapo ndipo nyumbani kwako. Hoteli, kwa matumizi ya hapa, ni jengo la kawaida lenye meza na wahudumu, si mahali pa kulala. Chakula ni kilekile kwa bei ya juu kidogo, na inakufaa ukiwa na mgeni au mvua ikinyesha. Mkahawa wa kwenye majumba ya biashara kama West End au Mega Plaza ni wa siku ya kuzaliwa, tena ya mtu mwingine.

Hatua ya 4: Kichague kibanda kama unayechagua chumba

Hapa usiwe na haraka. Tenga wiki ya kuzunguka mtaa unaoishi, iwe Nyalenda, Manyatta, Kondele au karibu na soko la Kibuye, ule kila siku mahali tofauti. Unapozunguka, angalia mambo haya.

Kwanza, nani wanakula pale. Kibanda kilicho kando ya stendi kinalisha wasafiri. Msafiri akila vibaya leo, kesho yuko Busia au Nairobi na hatarudi kulalamika. Kibanda kilicho kando ya gereji, ya mafundi wa mbao au ya wauza mitumba kinalisha watu walewale kila siku, na fundi akipewa ugali mdogo atasema kwa sauti mpaka jirani asikie. Nenda wanakokula mafundi. Hiyo peke yake ingetosha kuwa mwongozo.

Pili, fika saa saba kasorobo. Kama sufuria zimejaa na mabenchi hayana mtu, ondoka. Kama mabenchi yamejaa na mama anasonga ugali wa pili, subiri.

Tatu, tazama maji ya kunawa. Ndoo yenye mfereji na kipande cha sabuni, au mtu anayekumiminia kwa jagi, ni dalili njema. Beseni moja ambalo watu kumi wametumbukiza mikono ni dalili ya kuendelea na safari.

Nne, sikiliza bei zinavyotajwa. Kibanda chema bei inasemwa wazi mbele ya kila mtu, au imeandikwa kwa chaki kwenye ubao. Pale ambapo bei inanong'onwa baada ya kula, pana bei mbili.

Na tano, ambalo wengi hulisahau: mwenye kibanda mwenyewe anakula nini? Saa nane na nusu, wateja wakishapungua, atakaa na sahani yake. Akijipakulia kutoka sufuria ileile uliyopakuliwa wewe, umefika.

Hatua ya 5: Agiza kama mwenyeji

Salimia kwanza. Mgeni anayefika na kusema tu "leta ugali" atapewa ugali, na haitapita hapo. Kiswahili kinatosha Kisumu, lakini neno la Kijaluo hulainisha: "oyawore" asubuhi, "ero kamano" ukishamaliza kula. Watacheka matamshi yako, na watakukumbuka.

Halafu uliza bei kabla ya kukaa. Si aibu, kila mtu anauliza. Mazungumzo huwa hivi:

"Mama, habari ya mchana?"

"Nzuri, mwanangu. Unakula nini leo?"

"Omena na ugali ni ngapi?"

"Mia na ishirini. Ngege ndogo ni mia tatu, maharagwe themanini na ugali wake."

"Basi nipe omena. Mboga iko ndani ya hiyo bei?"

"Iko. Nikuwekee sukuma ama osuga?"

"Osuga. Ugali usiwe mkubwa, mama, ila mchuzi uongeze."

Atachovya sahani ndogo majini, akate nayo kipande cha ugali kutoka sufuriani, akigeuze kwenye sahani kubwa kikae kama kilima, mvuke bado unapanda. Omena zinakuja pembeni na nyanya na kitunguu, mboga upande wa pili. Mchuzi wa kuongezea vibanda vingi havitozi, nao ndio unaoshibisha. Ukiona ugali umezidi nguvu zako, sema mapema apunguze. Anayebakiza ugali kila siku huonekana anadharau mpishi, na siku ukiwa na njaa kweli hutaaminiwa.

Kwa wa Tanzania: omena ndiyo dagaa wenu, ngege ni sato, mbuta ni sangara. Ndengu ni choroko. Ukisema "dagaa" wataelewa, lakini wataelewa pia kwamba umefika jana.

Mboga za kienyeji zistahimili. Osuga (mnavu) ina uchungu, apoth (mrenda) inateleza, dek (mgagani) ina uchungu wa aina yake, na nyingi huchemshwa na kulazwa kwenye maziwa mpaka uchungu upoe. Mara ya kwanza utakunja uso. Kwa bei ya bakuli moja, sijaona chakula kingine mjini hapa kinachompa mwili wa mwanafunzi zaidi ya hicho, na mtu anayekula sukuma wiki siku saba kwa wiki anakosa vitu vizuri vilivyo mbele ya macho yake.

Hatua ya 6: Julikana, halafu lipa mbele

Ukishapata kibanda chako, nenda siku hizohizo, saa hizohizo. Usibadilishebadilishe. Wiki ya pili mama atajua jina lako au atakupa jina ("wa Tanzania", "daktari", "mrefu"), na kuanzia hapo mambo hubadilika bila wewe kuomba: kipande cha nyama kinakuwa na mfupa mdogo zaidi, chapati unawekewa kabla haijaisha, na siku ukichelewa darasani unakuta sahani imefunikwa.

Hapo ndipo unapoweza kuomba kulipa mbele. Pesa za mgeni huja kwa mpigo, zikachelewa kwa mpigo. Zikifika, tenga za mchana za wiki mbili umpe mama. Siku 12 za kula mara 120 ni 1,440, na kwa mteja anayelipa mbele si ajabu mama kukubali 1,300 au kukuongezea mayai mara mbili kwa wiki. Yeye anapata mtaji wa kununua gunia la makaa au debe la mahindi bila kukopa, na wewe una uhakika wa sahani. Nyote mmefaidika, kwa hiyo omba bila kunyenyekea sana.

Ila yawekeni kwenye daftari. Mama ana lake, nawe uwe na lako, na kila siku mnaweka alama mbele ya macho ya wote wawili. Siku ambayo hukuja, mkubaliane mapema kama inasogezwa mbele au inapotea. Usilipe zaidi ya wiki mbili hata ukipendwa vipi. Maisha yana mambo yake: hapa Nyanza msiba ukitokea, mwenye kibanda anaweza kwenda mashambani wiki nzima, na makufuli hayatoi chakula. Kwa sababu hiyohiyo uwe na kibanda cha pili unakofahamika japo kwa sura. Angalia pia siku ya mapumziko. Waadventista ni wengi upande huu, kwa hiyo vibanda kadhaa havifunguliwi Jumamosi, na vingine havifunguliwi Jumapili asubuhi.

Kukopa nako kuna adabu yake. Aliyejulikana hukopeshwa, na ni haki yake kukopa pesa za nyumbani zikichelewa. Taja siku utakayolipa, usivuke milo mitano, na siku pesa ikiingia kwenye simu mama awe wa kwanza kulipwa, kabla ya bando na kabla ya rafiki. Mwenye deni anayeanza kupita barabara ya nyuma amepoteza zaidi ya kibanda kimoja, kwani akina mama hao wananunua nyanya soko moja na wanasimuliana.

Hatua ya 7: Samaki, ambaye ndiye sababu ya kuwa Kisumu

Haiwezekani kusoma kando ya ziwa ukarudi kwenu hujala samaki. Lakini samaki ndiye anayemaliza pesa za mgeni, kwa hiyo mfikie kwa ngazi.

Ngazi ya chini ni omena, na ni ya kila siku. Jua tu kwamba upande wa Kenya uvuvi wa omena husimamishwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane. Miezi hiyo bei hupanda na sahani hupungua, hivyo geukia ndengu na maharagwe mpaka Agosti.

Juu ya omena kuna mgongo wazi. Viwanda vya minofu vilipoanza kupeleka mbuta Ulaya, nyama ilipanda ndege na mifupa ikabaki. Mitaa kama Obunga ikajifunza kuikausha na kuikaanga. Ni kichwa, uti wa mgongo na nyama iliyong'ang'ania katikati. Watu wengine huuonea haya. Mimi nasema kichwa cha mbuta kilichopikwa mchuzi wa nyanya, ukipata mpishi anayejua, kinashinda minofu yenyewe, tena unakipata kwa bei ya chakula cha maharagwe au juu yake kidogo.

Kisha kipande cha mbuta, ambacho hukatwa na kuuzwa kwa ukubwa, ndipo aje ngege mzima. Kwa ngege, jioni ndiyo saa yake. Kuanzia saa kumi na mbili akina mama wanakaa kando ya barabara Kondele, Nyalenda na kwingineko na karai za mafuta yanayochemka, samaki wamepangwa kwenye trei kuanzia wa kiganja hadi wa mkono. Chagua mwenyewe, uliza bei, punguza kidogo kwa ucheshi, kisha beba nyumbani ukale na ugali wako. Tazama mafuta: yakiwa meusi kama chai ya rangi, pita. Tazama pia samaki: aliyekaangwa mchana akarudishwa motoni huwa mgumu na mapezi yake yanavunjika kama biskuti. Wengi wa bei ya chini ni wale waliogandishwa kutoka China au waliofugwa vizimbani ziwani. Hawana ubaya, ila usilipie bei ya samaki wa nyavu. Muulize muuzaji, wengi hukuambia ukweli, kwa kuwa mteja wa Kijaluo angeonja na kujua mwenyewe.

Dunga ni ngazi ya juu. Ufuo uko kusini mwa mji, na mikahawa imekaa kando ya maji. Nenda mara moja kwa mwezi na ile 1,200 yako, tena usiende peke yako. Kusanyikeni watu watatu au wanne, mpande tuktuk ya kuchangia, mchague samaki mmoja mkubwa akiwa bado mbichi: macho maangavu, matamvua mekundu, ngozi inayorudi ukiibonyeza. Bei ikubaliwe hapo hapo, kabla hajaguswa na kisu, na muulize kama ugali na mboga vimo. Mkishapatana, semeni anavyopikwa: wa kukaanga mkavu, au wa kukaanga kisha akatiwa mchuzi wa nyanya. Mapishi huchukua muda mrefu, kwa hiyo msifike mkiwa na njaa ya kuzimia, la sivyo mtajaza tumbo kwa soda za watalii. Siku za kazi ni nafuu na tulivu kuliko Jumapili.

Mkila, mmoja wenu atapewa kichwa. Kama umealikwa na wenyeji, usikimbilie kukichukua. Ngoja uone wanampa nani.

Hatua ya 8: Linda tumbo

Kipindupindu na homa ya matumbo si hadithi katika ukanda wa ziwa, hasa mvua zikianza. Kanuni ni fupi: kula kilicho moto, kunywa kilichochemshwa. Chai ya maziwa ni salama kwa sababu imechemka. Juisi ya kusaga na kachumbari iliyokaa tangu asubuhi hazina ulinzi huo. Tembea na chupa yako ya maji ya kuchemsha au ya kujaziwa kwenye maduka ya maji yaliyosafishwa, ambayo ni nafuu mara nyingi kuliko chupa mpya kila siku. Ukiharisha majimaji mfululizo, nenda zahanati siku hiyohiyo huku ukinywa maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini, na usisubiri jirani wa chumba cha pili akushauri.

Kwa Waislamu, hoteli zenye chakula halali zipo mjini na karibu na Kaloleni na Manyatta Arab. Kwingineko uliza kwa upole nani alichinja, hakuna atakayeudhika. Kakamega na Busia nyama ya nguruwe inapendwa na mara nyingine inakaangwa meza ya jirani, na mutura (utumbo uliojazwa nyama) wa Nakuru huwa na damu ndani yake.

Hatua ya 9: Ziba matundu

Matundu ni matatu. Soda, ambayo ikiwa moja kila siku inameza 2,100 kwa mwezi, yaani karibu robo ya pesa zako kwa sukari. Smoki (soseji) na mayai pasua za kando ya njia, zinazoliwa mtu akiwa amesimama na kwa hiyo hazihesabiwi kuwa ni chakula. Na kuagiza kwa bodaboda, ambapo unamlipa mwendeshaji nauli inayokaribia bei ya sahani yenyewe ili akuletee ugali uliopoa, tena siku isiyo na mvua.

Dawa ya lile la pili ni ndizi. Kibuye, hasa Jumapili siku ya soko kubwa, kichane cha ndizi na fungu la machungwa vinakupitisha wiki. Beba mbili kwenye mkoba.

Kama hukai Kisumu mjini

Maseno: chuo kiko kwenye barabara ya Busia, na pale mjini unaukanyaga mstari wa Ikweta ukienda kununua chapati. Vibanda vya langoni vinajua kalenda ya chuo kuliko wanafunzi, na bei hupanda kidogo wiki ya kufungua. Siku za soko nenda Luanda, si mbali, chakula kingi na bei ya wenye njaa ya kweli.

Kakamega: kula mrenda na ugali, zoea utelezi. Kuku wa kienyeji, ingokho, ni chakula cha heshima na bei yake ni ya heshima. Subiri ualikwe, na katika nchi ya Waluhya hutasubiri sana. Salamu ni "mulembe".

Njoro na Nakuru: uko juu, kuna baridi, na utakula zaidi ya ulivyopanga. Ongeza 40 kwenye siku yako tangu mwanzo. Huku ndiko viazi vinakotoka, kwa hiyo githeri (mahindi na maharagwe) yenye viazi, mukimo (viazi vya kupondwa na mboga) na kabeji ndivyo vya bei nafuu, na samaki ndiye wa kifahari. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton wanaokula Njoro badala ya kushuka Nakuru mjini kila jioni wanaokoa chakula na nauli pia. Supu ya mifupa ya jioni, na chapati moja ndani yake, inatosha kuwa mlo.

Hatua ya 10: Jiandae kwa likizo

Wenzako wa Kenya watakwenda makwao, mesi itafungwa, na mtaa utapoa wiki moja kabla ya Krismasi. Mgeni asiyeweza kusafiri ndiye anayebaki na njaa. Mwezi wa Novemba muulize mama wako atafunga tarehe ngapi na atarudi lini, mfunge hesabu ya daftari ili usidaiwe wala usidai. Mkishirikiana watu watatu, mtungi wa gesi wa kilo 6 na sufuria mbili vinawavusha Desemba yote, na vikiuzwa Januari kwa mwanafunzi mpya pesa nyingi hurudi. Unga, mafuta, omena kavu na ndengu nunueni Kibuye mapema, kabla bei za sikukuu hazijapanda.